Mashine imegoma: kusaka ubovu wa vifaa vya hospitali, dalili kwa dalili

"Fundi, mashine ya oksijeni imekufa, njoo haraka."

Hiyo ndiyo taarifa nzima niliyopewa saa nane usiku na sista wa wodi ya watoto. Nilipofika nilikuta mtoto ameshahamishiwa kwenye mtungi, na mashine iliyokufa inanguruma kama kawaida, taa ya kijani inawaka. Kitu kimoja tu hakikuwa sawa: gololi ya kipima mtiririko ilikuwa imelala chini kabisa. Gololi ikilala huku kompresa (pampu ya hewa ya ndani) inanguruma, mara nyingi hewa imezibwa mahali fulani mbele. Nikaufuata mpira kwa mkono kutoka kwenye mashine hadi kitandani, nikakuta umekanyagwa na gurudumu la kitanda. Nikasogeza kitanda, gololi ikapanda.

Daftari langu la hospitali ya wilaya limejaa visa vya aina hiyo. Kwenye karatasi ya maombi wanaandika "mbovu", "imegoma", "haifanyi kazi", na ukienda unakuta ubovu uko kwenye soketi, kwenye mpira, kwenye kifuniko cha chupa au kwenye vumbi. Ndiyo maana hapa nimepanga mambo kwa dalili, na chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayorudi mara nyingi, nikamalizia na ile ya nadra. Ukiruka hatua za mwanzo kwa sababu zinaonekana za kitoto, utafungua mashine nzima na kuirudisha ilivyo, na mpira bado uko chini ya gurudumu.

Kabla ya kushika bisibisi

Mashine iliyo kwa mgonjwa haitengenezwi ikiwa kwa mgonjwa. Mwambie muuguzi amhamishe mgonjwa kwenye mashine nyingine, mtungi au mfuko wa kupumulia kwa mkono, kisha uitoe yako pembeni. Hata kama unaamini ni sekunde kumi tu.

Vaa glavu. Kitu kilichotoka wodini kina damu na makohozi usiyoyaona. Sehemu zinazovuliwa na kustahimili klorini ziloweke kwenye myeyusho wa asilimia 0.5 kwa dakika 10, kisha zisuuze. Boksi la umeme lifute kwa kitambaa kilichokamuliwa, usilimwagie maji.

Chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi, maana kwenye majengo ya zamani utakuta swichi imekata nyutro (waya wa kurudishia) na kuacha fezi (waya wenye umeme) ndani ya mashine. Ukishachomoa, kumbuka kwamba kapasita inabaki na umeme: itoe chaji kwa rezista, na usiichokoze kwa ncha ya bisibisi kama wafanyavyo mafundi wa redio.

Halafu uliza. Inawaka au haiwaki? Taa ya rangi gani? Ilianza kabla umeme haujakatika au baada ya kurudi? Nani aliitumia mwisho? Jibu la swali la tatu peke yake limeniokolea siku nzima mara nyingi.

Dalili: haiwaki kabisa, kimya

Anza na soketi. Chomeka chaja ya simu yako hapo hapo. Isipochaji, mashine haina kosa. Kama mashine imepitia ekstensheni, iondoe, chomeka moja kwa moja ukutani. Ekstensheni ya dukani iliyobeba konsentreta (ndiyo ile mashine ya oksijeni), jiko la maji ya chai na chaja tano nimeikuta imeyeyuka kwa chini, na juu haionyeshi chochote.

Soketi ikiwa nzima, fungua plagi. Ndani ya plagi ya miguu mitatu kuna fyuzi. Ipime kwa mita, usiiangalie kwa macho, kwa sababu nyingi hazina kioo. Tazama pia kama nyaya zimekaza. Baadaye nenda kwenye shingo ya waya, pale unapoingia kwenye plagi na pale unapoingia kwenye mashine. Waya wa kifaa kinachosukumwa wodi hadi wodi hukatikia hapo, kwa ndani, mpira wa nje ukiwa haujachubuka. Mwisho wa ukaguzi wa nje ni fyuzi za nyuma ya mashine, mara nyingi mbili.

Fyuzi ibadilishwe kwa ya kiwango kilichoandikwa. Kipande cha waya au karatasi ya sigara si fyuzi. Na ikiungua mara ya pili, usiweke ya tatu: kuna shoti ndani, na kazi sasa ni ya benchi.

Vituo vya afya vidogo vina sababu nyingine ambayo hakuna kitabu cha mtengenezaji kinachoitaja. LUKU imeisha.

Dalili: taa za wodi moja zinang'aa kupita kiasi, za wodi nyingine zimefifia

Hii ni dharura. Kama jengo lina fezi tatu na nyutro ikilegea au ikikatika, umeme unagawanyika ovyo: fezi moja inashuka, nyingine inapanda kuelekea volti 400 badala ya 230. Kila kilichochomekwa kwenye hiyo iliyopanda kitaungua ndani ya dakika.

Usianze kupima. Kimbia kwenye swichi kuu, zima, kisha piga kelele thieta na leba wajue umezima. Baada ya hapo kaza viunganishi vya nyutro kwenye bodi ya hospitali kama una sifa za kufanya hivyo na umeme umekatwa kweli. Kama ubovu uko upande wa mita au nguzo, hiyo ni kazi ya TANESCO. Usipande nguzo.

Dalili: konsentreta inawaka lakini taa ya njano au nyekundu haizimi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hiki ndicho kifaa kinachotupwa stoo bila hatia kuliko vyote.

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, na karibu yote iliyobaki ni naitrojeni. Kompresa inasukuma hewa hiyo kwenye mitungi miwili yenye punje za zeolaiti. Punje hunasa naitrojeni, oksijeni inapita. Mtungi mmoja unapofanya kazi, mwingine unatema naitrojeni yake nje, halafu wanapokezana. Ule mlio wa "pshhh" unaousikia kila baada ya sekunde chache ndiyo kupokezana kwenyewe. Sikiliza mashine nzima ikifanya kazi hadi uizoee. Siku mlio ukija kwa kuchelewa, au pshhh moja kubwa na nyingine hafifu, utajua kabla ya taa kukuambia.

Mashine nzima hutoa oksijeni ya asilimia 93 hivi, ikipanda au kushuka kwa tatu. Ikishuka chini ya 82 haifai kwa mgonjwa, na taa inapaswa kuwa imeshawaka.

Sababu ya kwanza: imewashwa sasa hivi. Ipe dakika tano hadi kumi ipande.

Ya pili: imefunguliwa kupita uwezo. Mashine ya lita 5 kwa dakika ikilazimishwa kutoa zaidi, hewa inapita kabla zeolaiti haijamaliza kazi. Kama imegawanywa kwa watoto wanne, jumlisha lita za wote wanne. Wauguzi husahau hilo hasa usiku, wodi ikijaa.

Ya tatu: filta ya nje. Ni kile kisponji cha ubavuni au mgongoni. Kioshe kwa maji na sabuni kila wiki, kikamue, kikauke kabisa kabla ya kukirudisha. Kiangazi cha Dodoma au Singida, wiki ni mbali mno, kioshe kila siku mbili tatu. Kuwe na vipande viwili, kimoja kikauke kingine kikiwa kazini, maana ukiwa na kimoja tu utamkuta mtu ameiendesha mashine bila filta "kwa muda", na vumbi limeingia kwenye kompresa.

Ya nne: joto. Mashine imesukumwa hadi ukutani, au juu yake kumeanikwa kanga. Iachiwe nafasi ya sentimita 30 kila upande, na isifunikwe.

Ya tano: uvujaji wa ndani. Sasa ndipo unafungua kasha. Paka povu la sabuni kwenye viungo vya mipira midogo huku ikifanya kazi, kwa tahadhari na mbali na nyaya. Kapovu kakikua, umeshapata. Mara nyingi ni kibano kilicholegea.

Ya sita: zeolaiti imekunywa unyevu. Punje hizo zinapenda maji kuliko naitrojeni, na zikishashiba hazifanyi kazi tena. Mashine zinazokufa hivi ni zile zilizokaa stoo miezi bila kuwashwa, hasa Tanga, Mtwara na Zanzibar. Mashine ya akiba iwashwe mara kwa mara iendeshwe saa kadhaa. "Tunaitunza isichakae" ndiyo njia ya kuiua.

Ya saba, na iwe ya mwisho kweli: kompresa imechoka au valvu ya kupokezana imekwama. Pima kwa kipima oksijeni cha asilimia (si kile cha kidoleni), kwanza lita moja, halafu lita zote. Ikiwa lita moja inasoma vizuri na lita tano inaporomoka, kompresa au zeolaiti haina nguvu tena. Agiza kipuri chenye namba ya modeli yako; usichanganye.

Kama huna kipima oksijeni, huna namna ya kujua asilimia. Oksijeni haina harufu. Kuangalia gololi si kupima usafi, kunapima wingi tu. Nimewahi kumnyang'anya kijana wa mafunzo njiti ya kiberiti aliyotaka kujaribia kwenye mdomo wa mpira. Shuka, godoro na nywele huwaka kama petroli penye oksijeni. Na kwa sababu hiyo hiyo, usipake grisi wala mafuta kwenye kiungo chochote cha oksijeni, kiwe cha mashine au cha mtungi, hata kikigoma kufunguka.

Dalili: konsentreta inanguruma, mgonjwa hapati hewa

Tumbukiza ncha za mpira wa puani kwenye glasi ya maji safi. Mapovu yakitoka, hewa ipo. Zifute na urudishe. Yasipotoka, tazama gololi.

Gololi ikiwa chini: kizuizi kiko mbele. Kagua mpira wote kwa mkono, kisha uchomoe kwenye mashine. Gololi ikiruka mara tu unapochomoa, tupa mpira huo.

Gololi ikiwa juu na hakuna mapovu: hewa inavuja. Ukiubana mpira kwa vidole karibu na chupa ya maji ya kulowesha oksijeni, gololi inapaswa kushuka hadi sifuri. Isiposhuka, na valvu ya usalama ya chupa haipigi filimbi, uvujaji ni kwenye chupa ya maji. Kifuniko kimefungwa kimshazari, au mpira wake mwembamba wa ndani umepotea siku chupa ilipooshwa. Niliwahi kukabidhiwa konsentreta tatu zilizoandikwa "mbovu" kwa kalamu ya wino mzito. Mbili zilipona kwa vifuniko vya chupa.

Dalili: konsentreta inafanya kazi dakika chache inazima, au inaguna bila kuanza

Inayozima na kuwaka tena ikipoa imepata joto. Rudi kwenye filta, ukuta na kanga. Baada ya hapo angalia feni ya ndani kama inazunguka.

Inayoguna "mmmm" bila kuanza, chomoa upesi kabla mota haijaungua. Pima umeme ukutani. Saa moja jioni, watu wote wakipika, nimesoma volti 180 kwenye wodi ya mwisho wa laini, na kompresa haianzi kwa umeme huo. Dawa yake ni stebilaiza yenye uwezo wa kutosha. Umeme ukiwa sawa na bado inaguna, badilisha kapasita ya kuanzishia, ya thamani ile ile iliyoandikwa ubavuni. Ikiguna hata na kapasita mpya, kompresa imekwama.

Dalili: sakshini (mashine ya kunyonya makohozi na damu) haivuti, au inavuta kichovu

Jaribio moja linaondoa nusu ya maswali. Chomoa mpira unaoingia kwenye pampu, ziba tundu la pampu kwa kidole gumba chenye glavu, tazama geji.

Sindano ikipanda vizuri, pampu ni nzima, ubovu uko kwenye chupa na mipira. Mpangilio wangu: kifuniko cha chupa hakijakaa, mpira wa kifuniko umepasuka, mipira imechanika penye viungo, halafu boya. Boya kazi yake ni kufunga njia chupa ikijaa ili uchafu usiingie kwenye pampu. Likikwama juu kwa damu iliyoganda, sakshini nzima inaonekana imekufa. Lioshe, libonyeze mara kadhaa kwa kidole, lishuke lenyewe.

Baada ya boya, angalia filta ya bakteria kati ya chupa na pampu. Ikilowa haipitishi hewa, haikaushwi, inabadilishwa. Sindano isipopanda hata umeziba kwa kidole, kagua kitasa cha kurekebishia mvuto, maana mara nyingi kimeachwa wazi. Baada ya hapo ndipo uwaze utando wa pampu au valvu zake ndogo.

Kama uchafu umeingia ndani ya pampu, simama. Usiifungue kwenye meza ya karakana unayolia chakula. Hicho sasa ni kifaa chenye maambukizi, na kushughulikiwa kwake kupangwe na mtu wa kudhibiti maambukizi.

Kwenye chumba cha vichanga kuna kosa la upande wa pili: sakshini inayovuta sana. Kichanga asizidishiwe milimita 100 za zebaki. Ukitengeneza mashine ya chumba hicho, iache kitasa kikiwa chini na mwonyeshe muuguzi kilipo.

Dalili: otoklevu (chungu cha kutakasa vifaa kwa mvuke) haipandi presha

Maji kwanza. Hayatoshi, au yamezidi hadi inachukua saa nzima kuchemka. Pili, mpira wa mlango: umekauka, una nyufa, au kuna uzi wa shuka umelala juu yake. Ufute, ugeuze, ukigoma badilisha. Tatu, mvuke unatoka mfululizo kwenye valvu ya kutolea hewa ambayo haijifungi kwa sababu ya chumvi. Nne, elementi ya kuchemshia. Kwenye maji ya kisima inajenga ganda jeupe kama kokoto hadi joto halipenyi, kisha inaungua. Iloweke kwenye siki au asidi ya limao, na baada ya hapo shughulikia maji yenyewe, vinginevyo utarudi baada ya miezi michache.

Valvu ya usalama ikivuja, badilisha valvu. Usiizibe, usiikaze, usiiwekee uzito. Na usifungue mlango hadi geji isome sifuri na valvu ya kutolea iwe wazi. Geji yenyewe ikiwa na kioo kilichovunjika au sindano isiyorudi sifuri, otoklevu hiyo haitumiki mpaka ibadilishwe.

Dalili: presha ya otoklevu ipo, lakini tepu ya kuonyesha utakaso haijabadilika rangi

Huu ni ubovu wa hatari kuliko ule wa juu, kwa sababu geji inasema kila kitu kiko sawa.

Nyuzi 121 kwa mvuke mtupu ni psi 15 hivi (psi ni kipimo cha presha). Lakini geji inapima presha tu, haijui kama ndani ni mvuke au mvuke uliochanganyika na hewa. Nusu ya hewa ikibaki ndani, geji inaonyesha 15 ile ile na joto liko kama 112. Kwa hiyo sababu ya kwanza ni mtu aliyefunga valvu ya kutolea hewa mapema. Iachwe wazi mpaka mvuke utoke kwa nguvu, mweupe, mfululizo, kwa dakika kadhaa, ndipo ifungwe.

Sababu ya pili ni upakiaji: mabunda yamebanwa kama dagaa, au bakuli limewekwa mdomo juu na hewa imekaa ndani yake. Liweke kwa ubavu. Ya tatu ni muda. Saa inahesabiwa tangu joto lifike, haihesabiwi tangu moto uwashwe. Ya nne ni tepu yenyewe imeisha muda au ilikaa juani.

Na kuna moja ya nyanda za juu. Geji inapima kilichozidi hewa ya nje, na hewa ya nje Njombe au Makete ni nyepesi kuliko ya pwani. Ongeza nusu psi hivi kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa mji wa mita 1,900, ukitaka nyuzi 121 uende kwenye psi 18 hivi, mradi kibandiko cha mtengenezaji kinaruhusu. Kama hakiruhusu, ongeza muda kwa kufuata mwongozo wake. Otoklevu yenye kipima joto inakuondolea hesabu hii.

Mzigo ambao tepu yake haikubadilika urudi wote, hata kama thieta wanapiga simu. Hapa fundi hana ruhusa ya kuonea huruma foleni.

Dalili: kipima oksijeni cha kidoleni kinasoma ovyo

Jivishe mwenyewe kwanza. Kikisoma 97 kwako, kifaa ni kizima, tafuta kwa mgonjwa: kidole cha baridi, rangi ya kucha, hina nyeusi. Wodi ya wazazi, bibi harusi wa juzi huja na piko hadi kwenye kucha, na mwanga mwekundu wa kifaa haupiti vizuri. Hamishia kwenye sikio au kidole kisichopakwa. Angalia pia kama mkanda wa presha uko mkono huo huo. Ukijaa, damu inasimama na namba inapotea. Klipu ya mtu mzima kwenye mguu wa kichanga haitoi namba ya kuaminika.

Kisiposoma kwako pia, futa kioo cha sensa, halafu tikisa waya karibu na kichwa chake. Namba ikija na kupotea, waya umekatika ndani. Kuunga kwa lehemu kunaweza kuvusha wiki moja, ila agiza mpya.

Dalili: hita ya vichanga inapasha kupita kiasi, au inalia bila kukoma

Joto la kichanga liwe kati ya 36.5 na 37.5. Hita inapokuwa kwenye hali ya kujiendesha, inaamini kijiti cha ngozini, kile kinachopima joto la mtoto. Kikibanduka kikalala kwenye shuka, hita inadhani mtoto amepoa, inaongeza moto. Inapasha, inapasha, na mtoto anaungua chini ya mashine ambayo haina ubovu wowote.

Kwa hiyo bandiko kwanza. Baada ya hapo pima kijiti kwenye maji ya vuguvugu pamoja na kipimajoto unachokiamini. Wakitofautiana zaidi ya nusu nyuzi, badilisha kijiti. Mwisho ni relei (swichi ya ndani inayowasha hita) iliyogandana, ambayo utaitambua kwa hita kuendelea kuwaka hata ukiteremsha joto lililowekwa. Hiyo chomoa, funga kadi, toa chumbani. Usiiache pale kwa ahadi ya kuirudia mchana.

Dalili: umeme umekatika, jenereta haipokei

Betri. Kisha betri. Ikipumzika isome volti 12.6 hivi, na wakati wa kupiga stata isianguke chini ya 9.6. Vichwa vyake visafishwe ule unga mweupe. Kisha kitufe cha dharura kilichobonyezwa na mtu akasahau, dizeli, hewa kwenye njia ya dizeli, na ndipo uguse kisanduku cha kubadilishia umeme kati ya TANESCO na jenereta. Iwashe kila wiki, na iwe na mzigo.

Kama inawaka ila umeme haufiki wodini, usiunganishe kwa njia ya mkato kupitia soketi. Umeme wako utapanda hadi kwenye nguzo na kumkuta fundi wa TANESCO akiamini laini imekufa.

Kuna dalili moja inayowachanganya wengi: umeme umerudi baada ya matengenezo ya laini, pampu ya maji ya fezi tatu inazunguka, maji hayapandi. Fezi zimepishana, mota inazunguka kinyume. Tazama mshale kwenye kasha la pampu. Ukibadilisha fezi mbili kati ya tatu inarudi sawa, lakini kabla hujafanya hivyo angalia kama mota zote za hospitali zimegeuka. Kama zimegeuka zote, kosa ni la laini, lirekebishwe kwenye laini. Ukirekebisha kwenye pampu, siku jenereta ikishika pampu itarudi nyuma tena.

Dalili: jokofu la chanjo limetoka nje ya nyuzi 2 hadi 8

Likipanda: mlango, mpira wa mlango, barafu iliyojaa, au sola iliyofunikwa na vumbi na kivuli cha mwembe uliokua. Likishuka chini ya sifuri: kuna mtu amegeuza thamostati "lipoe vizuri". Kuganda huharibu chanjo kama ya pepopunda kuliko joto la saa chache. Wewe tengeneza jokofu. Chanjo zenyewe asizitupe wala kuzirudisha mtu yeyote ila mratibu wa chanjo.

Vya kutofungua

Eksirei: ndani kuna makumi ya maelfu ya volti, na mionzi yake inasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki. Kagua umeme unaoingia, kebo na kitufe cha dharura, ishia hapo. Mashine ya usingizi: mipira na chupa za nje tu. Difibrileta: betri na kebo tu, kapasita yake imeumbwa kupiga moyo na itaupiga wako.

Vingine vyote, ukikaa zaidi ya saa mbili bila kupata sababu, funga kasha, andika kadi. Kadi iliyoandikwa "mbovu" hainisaidii mimi wala atakayekuja na kipuri. Hii ndiyo ninayoitaka:

*Konsentreta ya lita 5, wodi ya watoto. Masaa kwenye mita: 9,412. Taa ya njano baada ya dakika 6. Filta imeoshwa, umeme 228. Lita 1: asilimia 91. Lita 5: asilimia 74. Pshhh ya kulia hafifu. Haijafunguliwa mitungi. Isitumike kwa mgonjwa.*